Altezza ya milioni 12 na nusu, mfukoni una 13: fundi anajibu

Swali la leo limetoka kwa kijana wa chuo, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Niko mwaka wa pili chuo hapa Dar, nimepanga Sinza. Nimejichanga kwa biashara ya kuuza simu, mjomba kaniongezea, jumla nina milioni 13. Toka niko form two naota gari ya spoti. Nimeona Altezza namba C, silva, imeshushwa chini, bomba la moshi limebadilishwa inanguruma balaa, dalali anasema ni injini ile ya BEAMS maana ina gia sita za klachi, mwenye nayo anataka milioni 12 na nusu mwisho. Wengine wananiambia nichukue Mark X, wengine Subaru. Naomba usiniambie ninunue IST maana hiyo nishaambiwa na kila mtu nyumbani."

Marahaba mdogo wangu. IST sikuambii, kunywa maji utulie. Mi mwenyewe nilipokuwa na umri wako nilinunua Starlet GT Turbo, kile kigari cha cc 1,331 chenye turbo, nikatoa hela yangu yote mpaka ya kula, na nitakusimulia ilivyoishia. Kwahiyo siko hapa kukucheka, nataka tu hiyo milioni 13 isiishe siku moja.

Tuanze na hiyo Altezza maana naona roho ishaanguka huko. Dalali anasema ni BEAMS kwasababu ina gia sita. Hapo hapo nishaanza kumtilia mashaka. Altezza zilikuja za aina mbili kubwa, kuna RS200 yenye injini 3S-GE ya BEAMS, silinda 4, farasi 210 kwa ya klachi, na kuna AS200 yenye 1G-FE silinda 6 farasi 160. Sasa watu wengi hawajui kwamba AS200 nayo ilitoka na gia sita za klachi. Yani gia sita hazithibitishi chochote. Dalali labda hajui, labda anajua na anategemea wewe usijue, yote sawa tu kwasababu atakayelia ni wewe.

Unachotakiwa kufanya ni kuomba picha ya kadi ya gari kabla hujapanda hata daladala kwenda kuiona. Tafuta chasisi namba. Ikianza na SXE10 hiyo ni 3S-GE. Ikianza na GXE10 hiyo ni 1G, na hakuna mlio wa bomba utakaoibadilisha. Halafu angalia cc, 3S-GE ni 1,998 na 1G-FE ni 1,988. Cc 10 tu mdogo wangu, lakini ndo zinatenganisha gari mbili tofauti kabisa na bei mbili tofauti. Mwaka jana kijana mmoja alinileta kuangalia Altezza hivi hivi, muuzaji kaapa ni BEAMS, nikamwambia naomba kadi, akasema iko nyumbani, nikafungua boneti nikapangusa kile kibati cha chasisi na tambara, GXE10. Muuzaji akaanza kusema "ahaa basi niliyemuuzia mwanzo ndo alinidanganya". Sasa ulimuuzia nani wakati wewe ndo unauza? Tuliondoka.

Kuna kesi ya tatu, na ndo mbaya zaidi. Kadi inasema GXE10, ila ukifungua boneti unakuta kweli ni 3S-GE, au hata 1JZ, injini nyingine kabisa ya Toyota, yani mtu kabadilisha injini. Kubadilisha injini sio dhambi, lakini injini namba lazima ibadilishwe TRA na kadi isome kilichomo. Kama haijafanyika, siku trafiki mwenye muda akafungua boneti, au siku ukitaka kuuza, au siku ukipata ajali na watu wa bima wakaja kukagua, utaeleza mpaka jasho likutoke. Linganisha namba iliyogongwa kwenye injini na iliyoandikwa kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona imesuguliwa au kuna alama ya welding pale, usibishane na mtu, shika njia.

Sasa hata kama kadi iko sawa na ni SXE10 ya ukweli, hiyo unayoitaja mi nisingeichukua, na sababu ni hayo hayo mapambo yanayokuvutia. Imeshushwa. Hapa Dar gari ikishushwa mara nyingi haijawekewa springi fupi za kiwanda, springi zimekatwa na grainda, kama mbao. Springi iliyokatwa inacheza kwenye kiti chake, shokapu zinakufa, bushi zinakufa, boljointi zinafuata, na kila tuta kuanzia Mwenge mpaka Tegeta linasugua tumbo la gari. Ingiza mkono kwenye tairi uguse mwisho wa springi, ikiwa ya kiwanda mwisho wake umetulia, ikiwa imekatwa utausikia mkali, umechongoka. Na mtu aliyekata springi ndo huyo huyo aliyeikimbiza gari saa nane usiku, wala sihitaji kumjua nikwambie hivyo. Bomba kubwa la moshi nalo lina kazi moja ambayo wauzaji wanaipenda sana, linafunika kelele zote za injini. 3S-GE ya BEAMS ina gea za VVT-i, zile zinazobadilisha muda wa vali kufunguka, kwenye kamshafti zote mbili, zikichoka zinapiga kelele kama mashine ya kusaga inayoanza, sekunde chache ukiwasha asubuhi injini ikiwa baridi. Ukiwa na bomba linalonguruma hutaisikia ng'o.

Ndo maana nasema gari uione baridi. Ukifika, kabla hujasalimia vizuri, weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto wakati mwenye gari anasema haijatoka leo, ujue kaiwasha makusudi. Mi huwa nasema basi tukanywe chai turudi baada ya masaa matatu, na usoni kwa muuzaji pale ndo unapata majibu. Ikishapoa, mwambie mtu mwingine awashe wewe ukiwa nyuma kwenye bomba. Moshi mweupe kidogo wa mvuke asubuhi sio kesi. Moshi wa bluu unaotoka kwa dakika nzima, unanuka oili, hiyo inakula oili, na milioni zako zitaanza kutoka kwa huo huo mdomo wa bomba.

Fungua na mfuniko wa oili. Ukiona chini ya mfuniko kuna kitu kama uji wa maziwa, cheupe kinachotelezateleza, maji yameingia kwenye oili, hedi gasketi hiyo au zaidi. Halafu fungua rejeta (ikiwa imepoa jamani, kuna mtu aliungua uso gerejini kwangu) uangalie kuna kulanti au maji ya bomba yenye kutu. Na hapa niseme kitu kinachonikera miaka yote, mafundi wetu wana tabia ya kutoa themostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, gari ikichemka tu suluhisho ni kutoa themostati na kuweka maji ya bomba, inaenda miezi sita inaonekana imepona. Gari iliyotolewa themostati utaiona mshale wa joto haupandi kabisa barabarani kwenye mwendo, unakaa chini kama gari imelala. Watu wanafurahia, "hii haichemki kabisa". Hapana, hiyo ilishachemka.

Mark X sasa. Najua inavyopendwa, ukipita nayo Mlimani City watu wanageuka. Zile za kwanza, za kuanzia 2004, nyingi tulizonazo ni GRX120, V6 ya cc 2,500, injini inaitwa 4GR-FSE, farasi 215. Gari nzuri kukaa ndani, sibishi. Lakini mafuta yanapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo vali za kuingiza hewa hazioshwi na petroli, zinajaa masizi, injini inaanza kutetemeka ikiwa imesimama, na nyingi zikizeeka zinaanza kula oili. Plagi 6, koili 6, na kwenye foleni ya Ubungo utashukuru ukipata kilomita 7 kwa lita. Mwanafunzi na Mark X ya milioni 12 ninawaona wengi, ipo imepaki hosteli, imefunikwa turubai.

Subaru ya turbo sitaki hata kuanza. Impreza WRX ni gari ninayoipenda kuliko zote hizi, ila turbo iliyoendeshwa na watu wanne kabla yako, hujui nani alikuwa anazima injini ghafla ikiwa ya moto, nani alikuwa anamwaga oili baada ya kilomita elfu 10 badala ya 5... Hapo ndo naikumbuka Starlet yangu. Niliinunua kwa jamaa aliyeniambia ina kilomita elfu 80, nikaamini maana dashibodi ilisema hivyo. Wiki ya tatu nikaenda nayo Morogoro na rafiki zangu kujionyesha, wakati wa kurudi kabla ya Chalinze ikapiga kama mluzi, mluzi ukawa mlio wa chuma, nikaangalia kioo cha nyuma sioni barabara, moshi mtupu wa bluu. Turbo ilikuwa imekatika shafti, oili yote imepitia huko. Rafiki zangu wakapanda basi, mimi nikalala ndani ya gari, asubuhi nikaipakia kwenye fuso kurudi Dar kwa hela niliyokopa. Injini ilishakwama. Baadae nilipofungua stelingi na kuangalia pedeli ya klachi, raba imelika mpaka chuma kinaonekana, kilomita elfu 80 za wapi! Pedeli haidanganyi, geji za dashibodi zinarudishwa nyuma kila siku kwa bei ya chakula cha mchana. Niliiuza vipande vipande.

Basi utauliza, sasa nichukue nini? Sasa nakwambia kitu ambacho nikiwaambia vijana wanakunja uso mpaka waendeshe. Tafuta Runx. Subiri usifunge simu! Sio Runx ya kawaida ya mama mdogo. Toyota walitoa Corolla Runx inayoitwa Z Aerotourer, kuanzia 2001 mpaka 2006, ndani wameweka injini ya 2ZZ-GE, cc 1,800, waliitengeneza na Yamaha, farasi 190 kwenye mizunguko 7,600, na gia sita za klachi kama ukibahatika. Injini hiyo hiyo ndo iko kwenye Celica, na Waingereza wa Lotus waliichukua wakaweka kwenye Elise. Ndugu yake Allex anaitwa RS180, na kuna hata Fielder ya Z Aerotourer, ile ya kubebea godoro, yenye injini hiyo hiyo.

Utamu wake uko hivi. Kamshafti ina vibonge vya saizi mbili, vidogo vya mwendo wa kawaida na vikubwa. Ukiendesha taratibu ni Corolla tu, bibi yako akipanda hajui kitu. Ukikanyaga, mshale ukapita elfu 6 na ushee, oili inasukuma kipini, vali zinahamia kwenye vibonge vikubwa, na mlio unabadilika kabisa, kama mtu kaingia na gari nyingine. Barabara ya Bagamoyo utapigwa tochi tu, mjini kikomo ni 50, kwahiyo hiyo raha itafute kwa akili. Faini ni elfu 30 kila tochi na haijali kwamba wewe ni mwanafunzi.

Na hapa napo kadi ndo inaongea. Chasisi ikianza NZE121 ni ya cc 1,500, ZZE122 ni ya 1,800 ya kawaida, ZZE123 ndo yenyewe. Bampa na stika ya Z watu wanabandika, ZZE123 hawabandiki. Uzuri mwingine ni kwamba wauzaji wengi hawajui walichonacho, wao wanaona Runx, wanaweka bei ya Runx. Mwezi uliopita imepita moja gerejini, ya klachi, mwenyewe ni mzee mstaafu anaendea kanisani, anaiuza kwa milioni 9 kwasababu "inasumbua mafuta kidogo". Nilikuwa karibu niinunue mwenyewe, mke wangu akanikumbusha ada za shule.

Taa, milango, vioo, shokapu, breki nyingi, unachukua za Runx ya kawaida, na Runx zimejaa hii nchi, Gerezani na Ilala ukiuliza hawakuangalii mara mbili. Sema bampa za mbele za Z ni zake. Injini ndo uangalie mambo mawili matatu. Haina taimingi belti, ina cheni, hiyo ni hela imebaki. Lakini haivumilii oili kupungua, pampu yake ya oili na ile mitambo ya vibonge inaumia, na za mwanzo mwanzo boliti za kule juu zinalika, ukikanyaga mpaka elfu 7 mlio haubadiliki. Kwenye majaribio injini ipate moto kwanza, ikiwa baridi haihamii makusudi, ndivyo ilivyoundwa. Ikishapata moto tafuta sehemu ya wazi, gia ya pili, kanyaga. Usiposikia kubadilika, punguza bei au ondoka. Na ukiwa unashusha gia uwe makini, ukitaka kwenda ya tatu ukachomeka ya kwanza kwa mwendo, injini imekufa, hapo hata mimi sina dawa.

Kuhusu kuagiza Japani, najua wazo hilo lipo maana kwenye mitandao ya huko bei zinaonekana rahisi. Piga hesabu kidogo. Ushuru wa forodha asilimia 25, gari ya zaidi ya miaka 10 inaongezwa ushuru wa uchakavu asilimia 30, juu yake ushuru wa bidhaa kulingana na cc, juu ya hayo yote VAT asilimia 18, na nyingine zinapigwa juu ya nyingine. Ukimaliza, kodi inakaribia kulingana na gari yenyewe ikiwa imefika bandarini, na TRA wana bei yao ya kukadiria, sio ile ya risiti yako. Kikokotoo chao kipo kwenye tovuti, jaribu mwenyewe. Magari yote haya tunayoongelea yana miaka karibu 20 au zaidi. Achana nalo, nunua iliyopo hapa.

Sasa hela. Kwenye milioni 13, gari isizidi 9. Sio kwamba nakuonea. Siku unayoichukua unabadilisha oili, filta, plagi, kulanti ya ukweli na themostati irudi, oili ya gia boksi, pedi za breki, na tairi uangalie mwaka wa kutengenezwa, zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, 1817 maana yake wiki ya 18 mwaka 2017, tairi hiyo hata kama ina kashata nene ishakauka. Hapo milioni na nusu inapotea hivi hivi. Kuhamisha umiliki kuna ushuru wa stempu asilimia 1 na ada zake, mkubaliane mapema nani analipa, na usikubali kabisa kuendesha na kadi ya jina la mtu. Kabla ya kulipa ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa kuangalia madeni ya faini, kuna gari zina madeni ya tochi yanakaribia laki tano na dalali anajua. Muulize pia kadi halisi iko wapi, sio kopi, maana gari nyingine kadi imewekwa bondi kwa wakopeshaji. Bima ndogo laki na kidogo, road licence ya kila mwaka ilifutwa 2017 tunailipia kwenye mafuta.

Na mafuta yenyewe: Sinza mpaka chuo na mizunguko yako ya kuuza simu tuseme kilomita 30 kwa siku, siku 5, mwezi ni 600. Kwenye foleni zetu kadiria kilomita 9 kwa lita kama mguu una adabu, hizo ni lita kama 67, tuseme lita ni elfu 3, ni laki mbili kila mwezi. Bumu lako unalijua mwenyewe. Ile milioni mbili na ushee inayobaki usiiguse kwa rimu wala mziki, iweke kwa mjomba, kwa sababu ukifika mwezi wa nne wa kuwa nayo kitu kitakufa, sijui ni kipi lakini kitakufa.

Kitu cha mwisho, ukaguzi. Mafundi wengi ambao dalali anakutafutia wana cha juu chao humo humo. Chukua fundi wako, hata kama sio mimi, umlipe wewe, elfu 50 au hata laki, na gari ipandishwe juu uone tumbo. Nyanyua kapeti chini ya kiti cha dereva uguse, ukikuta tope jembamba kavu kama unga kwenye reli za kiti, hiyo iliogelea kwenye mafuriko, Jangwani huko, na nyaya zake zitakusumbua mpaka umalize digrii. Na mkanda wa kiti uuvute wote mpaka mwisho, alama ya maji inaonekana pale.

Yule mzee wa Runx nimempigia asubuhi hii, bado anayo. Nimemwambia kuna kijana atakuja Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na nimemuomba asiiwashe. Njoo na elfu 50 yangu, vaa nguo ambayo hujali ikiingia oili, na yule dalali wa Altezza usimpigie mpaka tumalize.